YAH: KUHARIBIWA RANGI YA GARI LANGU KWENYE KARAKANA YENU

Tanga

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sitakuchosha kueleza nililipia kazi gani, maana mmeiandika wenyewe kwenye bango pale getini: kuosha, kutoa uchafu uliong'ang'ania, kufunika plastiki kwa tepu, kupima unene wa rangi, ndipo mashine ya polishi ishikwe. Shilingi 180,000 nililipia yote hayo, si mashine peke yake.

Kijana wenu aliangusha klei, ule udongo laini wa kutolea uchafu huo, mchangani, akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaendelea kusugulia boneti yangu. Nilipomsemesha akanijibu, "Mama, nenda kakae kivulini, mambo ya magari tuachie sisi."

Anayefanya kazi hii anajua klei ikianguka chini hutupwa. Kazi yake ni kunasa chembe zilizoganda juu ya rangi. Ukishaibebesha mchanga, hiyo ni msasa. Na gari langu linashinda Pongwe, vumbi la saruji linatua juu, umande unaligandisha. Ndiyo maana pale kaunta, kabla hata sijatoa hela, nilisisitiza wamwage maji mengi kwanza, wasiguse rangi kwa kitambaa kikavu. "Usijali mama." Nikakuta ndoo moja tu, na kitambaa ni kilekile kilichotoka kufuta rimu za gari lililotangulia. Rimu, Ndugu Meneja, zenye unga wa chuma wa breki!

Nirudi kwa yule kijana, maana naona hamjanielewa. Klei ilimponyoka karibu na gurudumu la mbele, ikabiringika, ikatulia imeganda mchanga upande mmoja kama kitumbua kilichoangukia jivuni. Akaitazama. Akanitazama na mimi. Akaipangusa pajani, akarudi kwenye boneti, na hata maji ya sabuni ya kuitelezesha hakunyunyiza. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo itachuna rangi." Hakunijibu mimi kwanza. Aliwageukia wateja waliokaa kwenye benchi, akacheka, ndipo akaniambia hayo ya kivulini. Nao wakacheka. Msimamizi wenu alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, hakuinua hata uso. Yule kijana ningeweza kumzaa mimi.

Mashine ikawashwa saa saba mchana, gari liko juani, boneti haishikiki kwa mkono. Kompaundi, ile dawa ya polishi, ikakaukia palepale. Tepu hakuna, sasa mipira ya madirisha ina weupe usiotoka. Kipimo cha unene sikukiona kikitolewa mfukoni wala kabatini, ilhali klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, haifiki unene wa unywele. Hiyo utaikisia kwa macho? Kwenye ukingo wa boneti, ambako rangi huwa nyembamba na ndiko mashine hula zaidi, praima, rangi ya chini kabisa, imetokeza. Gari lenyewe jeusi. Jua likilipiga, mikwaruzo inazunguka boneti nzima, na watu wananiuliza nimelisugua na steelwire.

Naomba nirudishiwe shilingi 180,000 zangu. Tena hela peke yake haitoshi: boneti ipulizwe upya, na fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama zenu, na nauli yangu ya Pongwe mlipe muda wote gari likiwa kwake. Na yule kijana na msimamizi wake waje nyumbani kuniomba radhi. Waje mchana, majirani wakiwepo, kama nami nilivyochekwa mbele za watu.

Mkiniletea ile habari ya "gari likishatoka getini hatuhusiki", nitakwenda Tume ya Ushindani; Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na mlaji ndiyo mimi. Halafu risiti mliyonipa imeandikwa kwa kalamu, haikutoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Ninayo, na picha yake ninayo. Ofisi za TRA sihitaji kuelekezwa.

Nasubiri simu yako hadi Ijumaa saa kumi jioni. Piga wewe mwenyewe, asipige yule wa kaunta.

Mteja wenu,
Mwenye Corolla nyeusi