Usiwape Leseni Yako

Mwanangu,

Picha ulizotuma tumeziona. Nyumba nzuri hiyo ya kiwandani, inayojengwa kiwandani na kuletwa kiwanjani ikiwa tayari, jiko limepangwa kuliko letu, na mama yako ameshachagua pa kuweka kochi kana kwamba anahamia yeye. Kilichonishtua ni zile meseji za muuzaji. Tatu kwa siku moja! Bei hii mwisho Jumamosi. Kuna familia nyingine inakuja kuiona saa kumi jioni. Njoo tu na leseni yako ya udereva, hakuna masharti. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mtu huyu namfahamu. Jina lake silijui, ila kazi yake nimeifanya.

Wewe unajua tu kwamba baba alikuwa "anafanya biashara Kariakoo". Ukweli ni kwamba sikuwa na duka wala meza. Nilikuwa dalali wa mtaani, hawa ambao siku hizi wanaitwa mawinga. Nilisimama Mtaa wa Kongo, namdaka anayetafuta viatu, nampeleka kwa mwenye viatu, na juu ya bei ya duka naweka yangu. Kazi nzima ni mteja asiondoke. Akishapiga hatua kumi umemkosa, au umwite kwa bei ya kweli. Kwa hiyo unambebea mzigo, unamwita shemeji, unamuuliza kwao wapi. Akisema Moshi, na wewe ghafla una bibi Moshi. Nilikuwa hodari, na sijivunii.

Na pamoja na uhodari wote huo, mwaka 2006 nilipigwa mchana kweupe, kwenye ofisi yenye zulia.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikwenda kwenye yadi ya nyumba za kiwandani kaskazini mwa Houston, huku Texas, Marekani, "kuangalia tu". Yule bwana alitupokea mlangoni na maji baridi, akakupa pipi, akaniita "sir" mara nyingi kuliko nilivyowahi kuitwa tangu nifike nchi hii. Swali lake la kwanza halikuhusu nyumba. Aliniuliza, "Kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?" Nikajibu kama mtoto shuleni: mia nne na hamsini, labda mia tano. Basi, mauzo yaliishia pale. Kila nyumba aliyotuonyesha baada ya hapo ilikuwa ya dola 480 kwa mwezi, sijui kwa miujiza gani.

Kisha akaomba leseni yangu "atoe kopi". Leseni ikaingia ofisi ya meneja na haikutoka kwa karibu saa mbili. Wewe ulilala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, mama yako akakufunika kwa kanga. Muuzaji anaingia kwa meneja, anatoka, anajifuta uso kama mtu aliyetoka kunipigania. Mara ya tatu akasema amefanikiwa kunipunguzia dola mia tano. Mimi, niliyekuwa nikiwachezea watu mchezo huohuo nikijificha nyuma ya pazia la duka la Mhindi, nikamshukuru.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikuinuka. Mtaa wa Kongo mnunuzi anaondoka bila kuaga na hakuna anayenuna. Kuondoka ni sehemu ya mapatano. Pale ofisini niliona haya. Mtu katukirimu, mtoto wetu kalala kwake, nitamwambiaje sitaki? Adabu tuliyolelewa nayo, ya kutokata kauli ya mtu aliyekukaribisha, ndiyo iliyonisainisha. Siyo Kiingereza, mama. Kiingereza nilikielewa chote.

Dola 480 kwa miaka ishirini ni dola 115,200. Bei iliyobandikwa dirishani ilikuwa 49,900. Riba sikuuliza, na yeye hakuona sababu ya kunitajia. Ngazi za mlangoni, kiyoyozi, na zile sketi za plastiki za kuziba chini ya nyumba, vyote vilikuwepo kwenye nyumba ya maonyesho na havikuwemo kwenye mkataba. Wiki mbili za kwanza tulipanda ndani kwa kreti za soda. Mama yako bado ananikumbusha.

Sasa wewe. Leseni isitoke mkononi mwako. Kutazama nyumba hakuhitaji kitambulisho, na kuchungulia krediti yako, yaani rekodi yako ya mikopo na madeni, kunahitaji ruhusa yako. Ukisaini kikaratasi "cha wageni", soma kwanza unaruhusu nini. Akikuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, mjibu kwa swali: nyumba hii ni dola ngapi, ikiwa imefika kiwanjani, imefungwa chini, ina ngazi, maji na umeme? Aandike. Akirudia habari ya mwezi, rudia na wewe. Kuna ukimya utakaofuata. Usiujaze, yeye ndiye anayelipwa kuujaza.

Kabla ya Jumamosi nendeni benki yenu na kile chama cha mikopo cha kazini kwa mumeo. Nyumba ikikopewa peke yake bila ardhi, mkopo unahesabiwa kama wa mali inayohamishika, ndugu wa mkopo wa gari, na riba yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya rehani. Mimi nilikuwa nakodi kiwanja, sikuwa na ujanja. Nyie ardhi mnayo, msikubali kuingizwa mlango wa uani kwa sababu tu ndio ulio karibu na meza yake. Na kama kampuni ya mkopo anayokusukumia ina undugu na kampuni yake, ana wajibu wa kukuambia kwa maandishi, pamoja na kukutajia angalau mkopeshaji mmoja asiye ndugu yake. Ni sheria ya nchi nzima tangu 2018. Iulizie karatasi hiyo kwa upole, uone uso wake.

Jambo la upepo limenikera zaidi. Umeniambia alisema nyumba hiyo "inafaa popote Texas". Kiwanja chenu kiko kaunti ya Galveston, kando ya ghuba, na huko nyumba lazima iwe imejengwa kwa eneo la upepo namba II, lenye pepo kali kuliko namba I. Iliyojengwa kwa namba I hairuhusiwi kusimikwa huko, hata akiapa. Usibishane naye. Fungua makabati ya jiko, kama hamna tazama ndani ya kabati la nguo la chumbani au karibu na kisanduku cha umeme. Kuna karatasi imebandikwa yenye ramani ya Marekani na maeneo ya upepo. Ipige picha. Nje, nyuma ya kila kipande cha nyumba, kuna kibati chekundu chenye namba, nacho kipige picha. Na akikutoa kwenye hiyo akupeleke kwenye kuukuu ya bei ya kutupa, uliza ilijengwa lini. Zilizotengenezwa kabla ya tarehe 15 Juni 1976 hazikupita kwenye viwango vya serikali kuu, wala kibati hicho hazina.

Atataka kishika uchumba, dola mia tano "za kuishikilia tu". Usitoe siku hiyohiyo. Texas inampa mnunuzi siku tatu za kuvunja mkataba aliosaini na muuzaji wa nyumba hizi, lakini kuvunja ulichosaini ni kazi kuliko kutosaini, na hela ikishaingia kwao wewe ndiye utakayekuwa unapiga simu. Ile familia ya saa kumi jioni, mwanangu, mimi nilikuwa nayo Kariakoo. Ilikuwa inakuja kila siku, na viatu vilikuwa vilevile.

Mpango wangu ulikuwa nikupigie saa sita kamili mchana nijifanye nimezidiwa, upate sababu ya kutoka. Mama yako amekataa, anasema nitajiitia ugonjwa kweli. Atakuja mwenyewe, atakaa ndani ya gari nje ya ofisi yao, na ikifika saa sita atapiga honi mpaka utoke.

Baba yako