Pensheni inaingia, haitoki

Mhariri,

Nina mpangaji hapa Shanty Town, Moshi, Mjerumani mstaafu tunayemwita Babu. Anaishi kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, ambamo wastaafu wamo. Aliomba kipya mapema, akalipia. Ombi likiwa bado linashughulikiwa, kibali cha zamani kikaisha, na benki yake ikamfungia akaunti. Pensheni inaingia, haitoki! Alipeleka stakabadhi ya malipo, dada wa kaunta akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Shikamoo Babu, tuletee kibali chenyewe." Heshima ipo, hela hakuna. Kodi yangu nimemvumilia, lakini mlinzi na dada wa jikoni je?

Mdogo wake Babu anaishi Thailand. Kule mstaafu, kuanzia miaka 50, anaweza kuweka baht 800,000 benki miezi miwili kabla ya kuomba kuongezewa muda. Haziguswi mpaka miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha zisishuke chini ya 400,000. Masharti magumu (mimi yangenishinda), ila yanajulikana mapema. Hapa naomba jambo moja tu: aliyeomba kabla kibali hakijaisha aachiwe akaunti yake mpaka ajibiwe.

Mama Mwenye Nyumba,
Moshi