Ile sinema tuliyoizima

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Tangu uliponiandikia kwamba mama yako anahamishwa kutoka kwa kaka yako kwenda kwa dada yako sijakujibu, na kimya changu kimekuwa kirefu kuliko ulivyostahili. Hukunikosea lolote. Nilikosa cha kusema, na wiki iliyopita nimekipata mahali ambapo sikuwa nakitafuta.

Unaikumbuka ile kanda ya video aliyotuazima Baba Neema, sinema ya Kimarekani ya mwaka 1937 iitwayo Make Way for Tomorrow? Picha ilikuwa imefifia hata nyuso zikaonekana kama madoa, sauti ikikwaruza, nasi baada ya nusu saa tukaizima tukisema kuwa ni habari ya wazee wawili wanaosikitika. Sasa nimeipata kwenye DVD, picha yake ikiwa safi, na nimeitazama mara tatu katika siku nne. Tuliihukumu kwa ubovu wa kanda, na hukumu hiyo ninaifuta leo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mzee Bark Cooper na mkewe Lucy wanawaita watoto wao kuwaambia kwamba benki inaichukua nyumba, na kwamba siku zilizobaki ni chache. Watoto ni watano, lakini hakuna mwenye nafasi ya kuwapokea wote wawili, kwa hiyo baba anakwenda kwa binti yake Cora na mama anakwenda kwa mwanawe George, na watu walioishi pamoja miaka 50 wanatenganishwa kwa muda, kama wanavyoambiwa. Usisahau kwamba sheria ya mafao ya wazee nchini Marekani ilipitishwa mwaka 1935 tu, na malipo ya kila mwezi hayakuanza mpaka mwaka 1940. Aliyezeeka kati ya miaka hiyo bila akiba, watoto ndio waliokuwa akiba yake.

Lakini ninachotaka kukueleza hasa ni jioni moja tu. Mke wa George anafundisha watu mchezo wa karata wa bridge nyumbani kwake ili kuongeza kipato, na jioni hiyo wageni wamejaa sebuleni. Bibi Lucy anakaa katikati yao kwenye kiti chake cha kubembea, nacho kinalia kila anapojisogeza, na utaona jinsi kero inavyowapanda wageni. Kisha simu inaita. Ni mumewe. Bibi Lucy anaongea kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeiamini sana simu, akimsihi ajikinge na baridi na kumwambia kwamba anamkumbuka, na sebule nzima inanyamaza. Katika ile kanda tulimwona bibi mmoja akipiga kelele kwenye simu, basi. Katika nakala hii nimewaona wanaomsikiliza. Wale wale waliokuwa wakikereka wanainamisha macho kwenye karata zao, na hakuna anayecheza. Mwongozaji, Leo McCarey, hakuweka hotuba yoyote hapo. Aliwaacha watu wasikilize, nasi tukawatazama wakisikiliza.

Nimejiuliza tangu siku hiyo kwa nini jambo dogo kiasi hicho limenishika, na nadhani ni kwa sababu humo hamna mtu mbaya. Mke wa George amechoka kweli. Kiti kinakera kweli. Mimi mwenyewe, kabla simu haijaita, nilikuwa nimeanza kuudhika pamoja na wageni, kisha nikaona haya pamoja nao. Hilo ndilo lililonikumbusha barua yako, uliposema kwamba kila mmoja nyumbani kwenu ana sababu nzuri na bado mama yako analala macho wazi.

Wakubwa wa Paramount, kampuni iliyotengeneza sinema hii, walitaka mwisho wa furaha, McCarey akakataa, sinema haikuingiza fedha, naye akaondoka katika kampuni hiyo. Mwaka huo huo alitengeneza kichekesho, The Awful Truth, kikampa Tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, na alipoipokea alisema kwamba wamempa kwa sinema isiyo yenyewe. Naamini alikuwa sahihi kabisa. Hata Tokyo Story ya mwongozaji wa Kijapani Ozu, ya mwaka 1953, unayoipenda sana, ina damu ya sinema hii, kwa kuwa Kogo Noda aliyeiandika pamoja na Ozu alikuwa ameiona. Na Beulah Bondi, anayecheza kama Bibi Lucy, alikuwa hajatimiza hata miaka 50. Thomas Mitchell, anayecheza kama mwanawe, alikuwa mdogo wake kwa miaka michache tu. Tazama mikono ya Bondi, Rehema, kisha uniambie kama ungeamini.

Narudi kwa Bibi Lucy. George anakuja kumwambia kwamba itabidi aende kwenye nyumba ya kutunzia wazee, lakini maneno hayamtoki, na mama, aliyekwisha kung'amua, anamwahi kwa kusema kwamba ni yeye anayetaka kwenda huko. Anaomba jambo moja tu: mumewe asijulishwe. Kwa hiyo siku yao ya mwisho pamoja, kabla mumewe hajasafiri kwa treni, wazee wanapotembea pamoja jijini New York na kurudi katika hoteli walikokula fungate, yeye anajua na mumewe hajui. Wanaingia kucheza, bendi inageukia muziki wa kasi, nao wanasimama wameduwaa katikati ya vijana, mpaka kiongozi wa bendi anapowaona na kurudisha muziki wa polepole wa waltz. Huyo ni mgeni kabisa kwao. Watoto wao wakati huo wanawasubiri mezani. Mambo ya kituo cha treni sikuandikii.

Ninakutumia diski pamoja na barua hii. Je, utaitazama peke yako, au pamoja na kaka yako? Ungekuwa wewe ndiye George, ungemwacha mama akukingie aibu kwa namna ile, au ungemkatiza? Unadhani mzee Bark hakujua kweli, au alijua akanyamaza? Na mama yako, anapompigia mtu simu, anampigia nani? Nijibu hilo la mwisho kwanza, hata kabla hujaitazama.

Rafiki yako wa siku zote,
Asha