Kabla Hujalipa Ada ya Rehema

Ngamiani, Tanga

Mwanahawa shoga yangu,

Salaam nyingi. Natumaini hujambo wewe, shemeji na watoto, na mguu wa bibi umepoa. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutoa roho. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, nikasema hili si la kujibu kwa simu, nikitulia nitamwandikia.

Unauliza kile chuo kilichompa Rehema wako nafasi ya stashahada ya famasi kimesajiliwa au ni cha matapeli. Kimesajiliwa, nimekitazama kwenye orodha ya Baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, linalosimamia vyuo vya kati. Ila usitulie bado. "Tumesajiliwa" ndilo neno wanalolipenda wenye vyuo. Wanaliandika getini, kwenye kalenda, hadi kwenye fulana za wanafunzi, maana mzazi akishalisoma haulizi tena.

Usajili unakuja kwanza. Baraza, yaani NACTVET, lile tulilozoea kuliita NACTE tangu sheria ya 1997, linatazama kama kweli pana chuo: eneo, majengo, bodi, mkuu mwenye sifa, wakufunzi wa kuanzia, hela ya kuendeshea. Kikipita kinasajiliwa, kwa muda au kamili. Ithibati ni habari nyingine. Hapo wanarudi kutazama kama kile ambacho chuo kiliahidi kufundisha ndicho kinachofundishwa, na kama mwanafunzi anatoka anakiweza. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa na usajili bila ithibati, na mwenye chuo hatakwambia hilo usipomuuliza. (Vyuo vikuu vina mlango wao, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, tangu 2005. Huko Rehema atafika baadaye, inshallah.)

Mwaka jana timu ya Baraza ilikuja kutupima kwa ajili ya ithibati, hapa chuoni ninakofundisha, kwa hiyo nakusimulia niliyoyaona. Kabla hawajaja, chuo kinajipima chenyewe. Mnapewa viwango, mnaandika ripoti ya kujitathmini: hapa tuko vizuri, hapa tumepungukiwa, ushahidi huu hapa. Kazi iliniangukia mimi, maana ndiye mratibu wa uthibiti ubora, cheo kirefu mshahara uleule. Mkuu wetu alitaka tuandike mazuri matupu. Nikamwambia, mzee, wanaokuja ni wakufunzi kama sisi na wafamasia wa hospitalini, uongo wa maabara wanaunusa toka mlangoni. Akanuna siku nzima, mwisho akakubali tuandike kwamba mkufunzi mmoja anakosekana na maktaba haitoshi.

Asubuhi waliimalizia kwenye mafaili. Faili la mkufunzi hawatazami cheti peke yake. Wanataka mkataba, hati ya mshahara, na kama michango yake ya mfuko wa jamii inapelekwa. Ukiuliza kwa nini, ni kwa sababu kuna vyuo vinaazimana majina. Mfamasia mmoja utamkuta kwenye orodha ya walimu ya vyuo vitatu, na kote huko haonekani darasani. Cheti kila mtu anacho, ila michango ya kila mwezi huwezi kuipika usiku mmoja.

Wakaomba mitihani iliyosahihishwa: ya aliyefaulu sana, ya wa katikati, ya aliyefeli. Mama aliyeongoza timu, mfupi, miwani inaning'inia kifuani, alikaa na karatasi ya aliyefeli kuliko zote. Alikuwa anafuatilia kila alama imekatwa wapi, na swali limetoka sehemu gani ya mtaala. Maktabani hakuhesabu vitabu hata kidogo. Alichomoa kimoja cha famakolojia, akakifunua katikati, kurasa zikaachana kwa mlio wa kitabu ambacho hakijafunguliwa tangu kitoke dukani. Akamtazama mkutubi. Mkutubi akatazama feni.

Maabara ndiyo ilinitoa jasho. Akamwita binti wa mwaka wa pili, hakuchagua, alimnyooshea kidole tu aliyekuwa karibu. "Nipimie gramu tano za unga huu." Binti akaweka karatasi juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaanza kudondosha unga kwa kijiko kidogo kidogo, akapunguza, akaongeza, mpaka namba ikatulia. Akaandika uzito kwenye daftari kabla hajafanya lingine lolote. Yule mama hakumsifu, aliandika tu na kupita. Shoga, nilishusha pumzi mpaka mwenzangu akacheka.

Mchana wakakaa na wanafunzi peke yao, sisi wakufunzi tukatolewa nje. Tukakaa chini ya mwembe tunajifanya tunazungumzia Coastal Union, kila mtu roho juu. Waliyoyasema tuliyaona kwenye ripoti: mazoezi ya hospitalini ni machache, na mkufunzi fulani (tulimjua wote) anatuma notisi kwenye simu badala ya kuingia darasani. Tulipewa ithibati yetu na orodha ya maelekezo, na muda wa kuyatekeleza. Kama wasingewasikiliza watoto, hilo la notisi lisingejulikana milele, maana kwenye mafaili mkufunzi yule ni malaika.

Na ndiyo maana nakwambia ithibati yenyewe nayo isikulevye. Kuna chuo, sikitaji, kilikodi hadubini kwa ajili ya ugeni wa tathmini, magari yalipoondoka nazo zikarudi zilikotoka. Timu ikija na kuondoka inaona ya siku hizo. Ndiyo sababu ithibati ina mwisho na chuo hutakiwa kuomba tena. Hata hivyo afadhali chuo kilichowahi kupekuliwa kuliko kisichowahi, na mtu akikwambia hizi ni karatasi tu za serikali, muulize mwanawe anasoma wapi.

Maana yakiharibika anayeumia ni mtoto. Rehema akimaliza stashahada, miaka mitatu, akitaka digrii lazima awe na namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na Baraza, ndiyo vyuo vikuu vinamtambua. Kama chuo hakikumsajili kwenye Baraza ipasavyo, hiyo namba ataipata wapi? Mkopo wa serikali wa stashahada, ambao tangu 2023/2024 kozi za afya zimo, nao haumfuati mwanafunzi wa chuo kisichotambulika. Na kwenye kazi ya dawa kuna Baraza la Famasi, ambalo nalo lina masharti yake. Unakumbuka 2017 TCU ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya? Wazazi walihangaika, wengine walikuwa wameshauza mashamba.

Cha kutazama wewe ni hiki. Kwenye tovuti ya Baraza mwambie Rehema atafute jina la chuo lilivyo, asome hali ya usajili na hali ya ithibati. Kisha afungue kitabu cha mwongozo wa udahili, aone kama famasi imo kwenye kozi za chuo hicho, ada iliyoandikwa, na idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa. Hiyo idadi muiangalie sana. Chuo kikijaza kupita kiasi chake, wa ziada majina yao hayahakikiwi, na hawaambiwi mpaka karibu na mitihani.

Shemeji naye mwambie kuhusu ile digrii ya mtandaoni ya Marekani aliyoitaja. Kule serikali haitoi ithibati yenyewe, wanatoa mashirika ya vyuo, na Wizara yao ya Elimu ndiyo inayotambua mashirika yapi ni ya kuaminika. Matapeli wameligundua hilo, wanaanzisha chuo na shirika lao la ithibati pamoja, kisha wanakuonyesha muhuri. Asiulize kama kina ithibati, aulize imetolewa na nani, na kabla hajatuma dola hata moja aende TCU, maana ndio wanaotambua tuzo za nje.

Sasa njooni mkione hicho chuo cha Rehema. Msije Jumamosi, Jumamosi mtaonyeshwa majengo na mti wa kivuli. Njooni siku ya kazi, mpande gari la asubuhi Muheza, mshuke Kange, nitawapokea. Tutaomba kuingia maabara wakati kuna kipindi. Wakisema ufunguo anao mtu aliyesafiri, tunarudi nyumbani tunakula wali wetu. Halafu Rehema akae kidogo kwa mama ntilie wa nje ya geti, pale wanafunzi wanaposemea ukweli wote, sisi wazee tukae mbali. Kununua mbuzi kwenye gunia hapana.

Aje na matokeo yake ya kidato cha nne. Famasi wanataka D nne za masomo yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia zikiwemo, na nadhani hizo anazo. Karani wa chuo atawapigia kuwaambia nafasi zinakwisha leo. Mjibuni vizuri, ada msitume.

Na machungwa, kama gari halijajaa, niletee hata nusu gunia.

Wako,
Zuhura