Akhwari Hakwenda Mexico Kushiriki Tu

Mhariri, shikamoo, naomba kanafasi kadogo. Kila timu yetu ikirudi mikono mitupu utasikia mtu anasema muhimu ni kushiriki, halafu anamtaja John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu Watanzania wa marathoni kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Jamani! Yule mzee alienda kushindana kabisa, akaanguka akaumia goti, ndo akamaliza wa mwisho huku anachechemea na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Na miaka miwili baadaye akashika nafasi ya 5 marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, hiyo mbona hamuisemi?

Medali zetu za Olimpiki mpaka leo ni mbili tu, za fedha, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Inauma sana.

Mtoto wa shule ya msingi acheze afurahi, hapo sina neno, ila anayevaa bendera ya taifa ni kitu kingine, so naomba viongozi wa riadha watuambie mapema kila mwanariadha analenga muda gani na kambi anakaa miezi mingapi, tuwadai hayo.

Mdau wa riadha, Arusha