Wajukuu, msiniambie "hakuna kitu"

Wajukuu zangu mlioanza chuo mwaka huu hapa Moshi,

Marahaba, hata kama hamjaniamkia. Nimewaona mkishuka stendi na mabegi na magodoro yaliyofungwa kamba, kisha mkagawanyika: wa ushirika kuelekea Barabara ya Sokoine, wa udaktari na uuguzi KCMC, wa ualimu Mwenge, na wachache mkapandisha hadi Mweka kwenye wanyamapori. Mimi nilikuwa mkutubi wa chuo kwa miaka mingi. Sasa nimestaafu, niko kihambani kwangu Kibosho, nakata majani ya ng'ombe na kupokea simu za wajukuu wa watu wenye utafiti. Simu zote zinaanza vilevile: "Bibi, nimetafuta, hakuna kitu." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni wote hapa, bibi apumzike.

Nianze na kosa langu, ya kwenu yatafuata.

Ilikuwa zama za kadi. Makabati ya mbao, droo nyembamba ndefu, kila kadi imetobolewa chini na kupitishiwa ufito wa chuma ili asije mtu akaichomoa na kuondoka nayo. Alasiri moja akaja kijana akitaka kitabu cha hesabu za vyama vya ushirika. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, viatu nimevivua chini ya kaunta. Nikamwambia, "Hakipo." Sikuinuka. Akashukuru, akaenda zake.

Mwisho wa mwaka tukafunga maktaba kuhesabu vitabu. Nikakikuta kitabu kile kwenye shelfu za kilimo, kimelazwa nyuma ya vingine, kimebanwa na ukuta. Mwanafunzi mwenzake alikificha ili akifaidi peke yake. Nyuma, kwenye kikaratasi cha tarehe za kurudisha, mlikuwa na mihuri miwili tu. Yule kijana alikuwa bado chuoni, lakini hakuuliza tena. Alikuwa akipita mbele yangu na daftari lake, anasalimia kwa adabu, anaenda kukaa.

Basi ninyi mnaposema "hakuna," mimi nakumbuka "hakipo" yangu. Mara nyingi maneno hayo mawili yana maana moja: mtu hajaangalia mahali pengine.

Najua wengi mnakwenda maktaba kwa ajili ya soketi, feni na waifai. Geto mmejazana, Luku imekata, kila mmoja anamtegea mwenzake anunue. Nendeni tu, hata hiyo ni kazi ya maktaba na hakuna mkutubi mwenye akili atakayewafukuza. Ila kukaa humo miaka mitatu na madesa ya fotokopi, bila kuuliza kitu kaunta, ni sawa na kushinda soko la Mbuyuni kutwa nzima ukarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Mwaka jana binti wa jirani, mwaka wa tatu, alikuja na kompyuta yake tukakaa barazani. Mada yake ilikuwa ushirika wa kahawa Kilimanjaro tangu enzi za ukoloni. Alikuwa ameandika "Tanzania," "kahawa" na "ushirika" kwa Kiingereza, akapata makala mengi ya miaka ya karibuni na karibu hakuna la zamani. "Bibi, hakuna kitu." Nikamuuliza, Tanzania ilizaliwa lini? Akacheka. Jina hilo ni la 1964. Aliyeandika mwaka 1935 aliandika Tanganyika. Wajerumani kabla yake waliandika Deutsch-Ostafrika. Na sisi wenyewe Wachagga tumeandikwa kila namna: Chagga, Chaga, Wachagga, na kwa Kijerumani Dschagga. Mashine haijui kwamba wote hao ni watu wa mgomba mmoja. Lazima uiambie.

Kisha kuna chama chenyewe. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda KNPA, yaani Kilimanjaro Native Planters' Association. Mwaka 1933 ikaja KNCU, Kilimanjaro Native Co-operative Union. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na sheria ya 1982 ikafungua mlango virudi. Ukitafuta kwa jina moja, unapata kipande kimoja cha maisha ya chama, kisha unaandika tasnifu kana kwamba hicho kipande ndicho maisha yote.

Halafu kistari. Msicheke, kistari kimewaangusha watu. Neno la Kiingereza la ushirika wengine huliandika "co-operative," kama kwenye jina la chuo cha ushirika hapa Moshi, wengine "cooperative." Mitambo mingine huyaona hayo kuwa maneno mawili tofauti kabisa. Andikeni yote mawili, katikati mkiweka OR, neno la Kiingereza la "au," kwa herufi kubwa. Kifungu cha maneno yanayokwenda pamoja kifungeni kwa alama za mtajo (" "). Na mitambo mingi inakubali kinyota (*) mwishoni mwa shina la neno, ili ilete kila tawi lake. Haya mkutubi anayafundisha kwa nusu saa, bure, na mara nyingi chumba cha mafunzo kina watu sita.

Tulipomaliza mtandaoni nikamwambia aende shelfu, na hapo pia alikuwa amekwama. Alisimama kwenye ushirika tu. Katika mpangilio wa Dewey, ule wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, ushirika uko 334. Lakini kahawa kama zao iko 633.73, na historia ya nchi yetu iko 967.8. Mada yake moja ilikuwa imelala vyumba vitatu. Vyuo vingine hutumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, wenye herufi, lakini mtawanyiko ni uleule. Kwa hiyo usiishie kitabu ulichokifuata. Angalia jirani zake wa kushoto na kulia, kisha uliza kaunta mada yako ina ndugu wapi pengine.

Alipopata makala moja nzuri, nikamfundisha kuulizia ukoo wake. Marejeo ya mwisho ndiyo wazazi wa makala: soma orodha ile, utaona nani alimtangulia. Watoto wake ni wale waliomnukuu baadaye, na Google Scholar inakuonyesha ukibonyeza chini ya jina la makala. Kwa njia hiyo makala moja ikatupa nyingine, zile zikatupa nyingine, hadi ng'ombe wakaanza kulia njaa nikaona tumechelewa. Binti aliondoka na orodha ya kurasa mbili.

Wa udaktari na uuguzi, msidhani haya ni ya watu wa kahawa. Niliwahi kuulizwa na mwanafunzi wa afya, "Mama, vitabu vya maji viko wapi?" Ningemwelekeza kwenye shelfu angepotea wiki nzima kati ya mabomba na mabwawa. Nikamuuliza, maji ya nini? Ya kunywa. Ya wapi? Arumeru. Yana nini? Akaonyesha meno yake kwa kidole. Kumbe alitaka floraidi, madini yanayotia rangi ya kahawia meno ya watoto chini ya Mlima Meru, na yakizidi zaidi huharibu mifupa. Sasa tulikuwa na maneno ya kutafutia: jina la ugonjwa wenyewe, kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, kituo cha Ngurdoto kilichoshughulika na kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Swali la kwanza analokuja nalo msomaji karibu kamwe si swali lake. Si ujinga, ndivyo watu tulivyo. Hata dukani mtu anauliza "una sabuni?" wakati anataka dawa ya kuondoa doa la ndizi kwenye shati. Kwa hiyo mkutubi akikuhoji usikasirike ukadhani anakupima.

La majarida niliseme haraka. Ukifungua makala, ukurasa ukakudai dola, usilipe na usikate tamaa. Tangu 2002 kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifungulia taasisi majarida ya afya, na mwaka uliofuata ikaja AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo, kwa ajili ya kilimo. Leo ziko pamoja na nyingine chini ya Research4Life, na Tanzania imo katika kundi la nchi zinazopewa bila malipo. Lakini unaingia kupitia chuo, na nywila iko kwa mkutubi. Nimeona mtu amekatwa pesa ya bumu kwa makala ambayo ilikuwa inamsubiri bure hatua thelathini kutoka kitandani kwake. Iliniuma kama nimelipa mimi.

Na kuna ubaya wa upande wa pili, ambao enzi zetu haukuwepo. Sisi tulihangaika na vitabu vilivyopo vikionekana havipo. Ninyi mnahangaika na visivyokuwepo vikionekana vipo. Juzi kijana mmoja alinitumia kwa WhatsApp marejeo kumi na mawili aliyotungiwa na programu ya akili mnemba, akaniomba nimsaidie kupata makala zenyewe. Jarida la kwanza lipo kweli. Juzuu ipo, mwaka upo. Nikafungua kurasa zilizotajwa nikakuta makala ya mtu mwingine kabisa kuhusu ugonjwa wa kuku. Matano kati ya yale kumi na mawili yalikuwa hivyo, mazuri kwa sura kama picha ya harusi. Hayo sasa ndiyo ya kuambiwa "hakuna kitu." Kila rejea ulilopewa na mashine, lifuate hadi kwenye ukurasa wa yaliyomo wa jarida lenyewe. Usipolifuata wewe, msimamizi wako atalifuata, na siku hiyo hutakuwa na pa kutazama.

Wa mwaka wa mwisho na wa uzamili, someni tasnifu za waliowatangulia, ziko kwenye hazina ya kidijiti ya chuo chenu. Anzeni na sura ya mwisho, pale mwandishi anapotaja yaliyomshinda. Hapo mtapata mada kuliko mnavyopata kwa kukodolea ukuta. Nanyi wa sheria na historia, kumbukeni hatuko mbali na Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015 ilikuwa pale, na kumbukumbu zake zinatunzwa Lakilaki hadi leo. Watu hupanda ndege kuja kuzitafuta, na ninyi ni nauli ya Kosta.

Kuhusu kuficha vitabu na kuchana kurasa sitasema sana. Mnajijua. Siku hizi simu ina kamera, kwa hiyo wembe sielewi ni wa nini.

Nendeni mapema. Wiki hizi za mwanzo kaunta haina watu, mkutubi anapiga miayo, atafurahi kuona mtu. Wiki ya kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti mtakuta foleni hadi mlangoni, kila mmoja anataka saa nzima, na kaunta kuna wawili, mmoja ameenda kula. Nendeni na mada ikiwa bado mbichi, kabla haijakaza, maana mkutubi anaweza kukwambia leo kwamba mada hiyo imeandikwa mara nane, au kwamba takwimu unazozitegemea hazikukusanywa. Ukiambiwa hayo Novemba unabadilisha. Ukiambiwa Mei unalia.

Mtawakuta wakutubi wa kila aina, sitawadanganya. Wapo watakaoacha chai yao kwa ajili yenu. Wapo pia waliochoka, wenye miguu iliyovimba. Mmoja akikwambia "hakipo" bila kuinuka kitini, usishukuru ukaondoka. Weka mkoba wako chini, mwambie kwa adabu zote ulizofundishwa nyumbani: "Mama, shikamoo. Naomba twende wote tukaangalie, na nyuma ya shelfu pia."

Bibi yenu,
mkutubi mstaafu,
Kibosho, Moshi