Yesu aliyeshika pua

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Fundi mwenzangu,

Brashi ilifika salama, asante, ingawa yule kondakta wa matatu ya Nakuru alinidai pesa ya chai kana kwamba alikuwa ameibeba kichwani.

Uliniuliza kama ile kazi ya kanisa nimeimaliza. Bado, na ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ungenicheka kisha ukate.

Kazi yenyewe nilikueleza: ukuta wa nyuma ya madhabahu, Yesu akibatizwa. Mzee wa kamati alinikabidhi picha iliyokatwa kwenye kalenda, Yesu yule yule wa nywele za rangi ya mahindi, akasema, "Kama ilivyo, fundi. Usiongeze, usipunguze." Nikapiga andakoti, nikachora miraba kwa penseli, nikaanza kujaza. Wewe unazijua kazi hizi, mtu huzifanya huku anasikiliza mpira redioni.

Katikati tukafiwa. Shangazi yake mama watoto, huko Murang'a. Kesho yake baada ya mazishi, tukingoja gari lijae, nikaingia kanisa kuu la Anglikana pale mjini, kutafuta kivuli tu, nisikudanganye. Nikakuta michoro mitano mikubwa: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Yesu ni Mwafrika katika yote. Watu wake ni wa pale pale, na nchi inayowazunguka ndiyo ile niliyokuwa nimetoka kuipita dirishani.

Nilisimama mbele ya ule wa ubatizo mpaka mama watoto akaja kuniita. Ndugu yangu, mimi Yesu wangu nilikuwa nimemwacha Kisumu mguu mmoja ndani ya maji ya buluu iliyotoka moja kwa moja kwenye kopo, maji ambayo sijayaona popote tangu nizaliwe. Na nimezaliwa kando ya ziwa!

Mchoraji ni Elimo Njau, Mchagga wa Marangu aliyezaliwa mwaka 1932 akasomea Makerere. Michoro ile aliimaliza mwaka 1959, hajafika hata miaka thelathini, na hali ya hatari ya mkoloni ilikuwa bado haijaondolewa. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Najua utasema lilisimama upande mmoja wa vita, na sikubishii. Lakini watazame wale aliowachora, uniambie ni yupi alikula kiapo cha Mau Mau na ni yupi alikataa. Mimi nilishindwa.

Mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua Paa ya Paa, jumba la sanaa kule Nairobi, jina la mchezo wa maneno: mnyama paa anayepaa. Moto ukaja kuiteketeza sehemu kubwa ya nyumba ile na kazi zilizokuwamo mwaka 1997, nao wakaanza upya. Msemo wa Njau wanaujua wachoraji wengi: usiige, kuiga humlaza Mungu usingizi. Nilikuwa nimeusikia zamani nikauona ni maneno ya watu waliosoma. Safari hii ulinifuata ndani ya gari mpaka Kisumu.

Basi Jumatatu alfajiri nikashuka Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, na daftari. Maji ya pale kwenye mafunjo si ya buluu hata kidogo, ni kijani kilichochanganyika na chai ya rangi, na mtu akisimama humo miguu yake hupotea kuanzia magotini. Nikakumbuka batizo nilizoziona ziwani. Mtu akikaribia kuzamishwa hushika pua, hata awe mzee wa heshima namna gani. Nikarudi kanisani, nikaipaka buluu yote nyeupe, nikamchora Yesu amefumba macho, vidole viwili puani, na Yohana amemkamata mgongo kama mvuvi anayepokea gunia.

Kamati imegawanyika. Mzee akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamjibu ni yule yule. Hakucheka. Anataka malipo ya kwanza yarudishwe, nami nilishayanunulia rangi na unga. Mwingine anasema pua si neno, shida ni nywele. Bibi mmoja anayefagia kanisa ndiye pekee aliyesimama karibu. Akautazama ule mkono, akasema, "Hivyo ndivyo alivyofanya marehemu mzee wangu, na bado alimeza maji." Akaendelea kufagia.

Wanakutana tena Alhamisi. Hadi hapo nataka kuumaliza mkono, maana vidole vinanishinda. Kidole gumba kimenenepa, kinakaa kama cha mtu aliyesikia harufu mbaya. Jishike pua mbele ya kioo, muulize kijana wako akupige picha kwa upande wa kushoto, unitumie kabla ya Jumatano.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
fundi wa Kondele